Kiti cha Nyuma cha Triumph

Jumatatu, 8 Aprili 1957

Nimechoka na wiki haijaanza. Mvua tangu alfajiri. Kifaru amekataa kuwaka mpaka tukamsukuma, mimi na wakamuaji wote, hadi mteremko wa zizi. Kifaru ni gari la Bwana. Kubwa, jeusi, na kiti chake cha nyuma ndama anaweza kulala akajinyoosha. Watu wa shamba ndio waliompa jina. Mimi ndiye dereva wake, na kati ya hapa na Keringet hakuna dereva mwingine mwenye kofia.

Saa ya chai Ephantus amekuja gereji na kikombe. Ephantus ni mpishi wa nyumba kubwa. Siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu kama yeye bila karatasi ya pasi hawezi kuvuka Njoro, lakini habari zake zinavuka popote. Na haleti chai bure. Amesema Bwana Kifimbo amechoka na Kifaru. (Jina lake la kizungu linatushinda, lakini fimbo yake tunaijua.) Sasa anataka gari la michezo. Nikauliza mchezo gani. Ephantus akasema hakuna mchezo, ni gari fupi, halina paa, linakwenda kama limeiba. La kwenda nalo posta Molo siku za kazi, na Kilabu Nakuru Jumamosi. Kuna aina mbili, MG na Triumph, na Bwana hajui ashike ipi. Anatazama picha zao mezani mpaka supu inapoa. Kifaru atarudishwa kwa wenye duka la magari.

Nikauliza dereva anakaa wapi. Ephantus akainywa ile chai aliyoniletea.

"Dereva ni Bwana mwenyewe," akasema. "Kando yake Memsahib. Basi. Gari imeisha."

Watu wawili! Na mimi je? Baba yake Chepkurui alinipa binti kwa sababu ya kofia hii. Kanisani napishwa benchi la mbele kwa sababu ya kofia hii. Bila gari ni kofia ya nini? Jioni nimekutana na Kipketer, nyapara wa pareto. Amenitazama miguu, akauliza navaa gambuti, yale mabuti ya mpira ya shambani, namba gani. Habari imeshafika huko!

Jumanne, 9 Aprili

Nimewapeleka Nakuru kuyaona hayo magari. Memsahib amehuzunika njia nzima kwa ajili ya Meja. Meja ni mbwa wao, mkubwa, rangi ya chai ya maziwa, na hapandi gari. Hajawahi. Ukimfungulia mlango wa Kifaru anakaa chini na kugeuza uso. Kwa hiyo kila wakienda Kilabu anabaki akilia verandani, na Memsahib naye analia ndani ya gari, na mimi katikati naendesha.

Dukani. MG ni jekundu. Zuri, sitasema uongo. Viti viwili, na nyuma ya viti hakuna kitu. Triumph ni la kijani, macho yamelitoka. Nikachungulia nyuma bila matumaini. Kulikuwa na kiti! Kidogo, kama benchi la watoto wa Sande Skuli, lakini ni kiti! Bwana na Memsahib walikuwa wanatazama injini. Nikaingia nipime. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama, nikajikunja, magoti yakafika masikioni. Nimetosha!

Kutoka ndiyo ikawa kazi. Muuzaji amenivuta mkono mmoja na Mhindi aliyekuja kununua betri amenivuta mwingine. Bwana ameuliza nafanya nini mle. Nikasema naangalia kama kuna kutu.

Tukirudi Bwana ameniuliza mimi, dereva wake, gari gani zuri. Nikasema Triumph kabla hajamaliza kuuliza. Nikasema tena Triumph pale Njoro, na tena pale Elburgon bila kuulizwa. Akasema kumbe afadhali MG, kwa maana mimi ndiye niliyemwambia pia kwamba Kifaru hana neno.

Wenye duka wataleta MG Alhamisi alijaribu, na wiki ijayo Triumph. Ataamua kabla ya Pasaka. Mungu anisaidie.

Alhamisi, 11 Aprili

MG limekuja. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Bwana anataka gari la kila siku? Basi aonyeshwe kila siku ya huku kwetu ilivyo. Nimemwambia njia ya kawaida ya Kuresoi ina ng'ombe wengi, afadhali apite chini, ile njia ya viazi. Njia ya viazi mwezi wa nne! Hata punda huiombea dua kwanza. Nikasema nitamfuata na Kifaru, na kamba, ikitokea haja.

Bwana amefika bondeni, hakupunguza mwendo hata kidogo. Matope yakaruka kushoto na kulia, MG likapita juu yake kama bata. Upande wa pili akasimama, amejaa matope mpaka kwenye masharubu, anacheka kama mtoto. Sijamwona akicheka tangu vita viishe.

Kifaru amezama hadi milangoni. Kamba ninayo mimi, na mimi ndiye niliyezama.

Ametolewa na trekta. Mzee wa trekta alinitazama tu, na hiyo ikawa mbaya kuliko matusi. Gia za Kifaru zimejaa matope. Fundi anasema wiki mbili. Usiku Ephantus ameripoti kwamba Bwana amekula nyama mara tatu akisimulia habari za MG.

Jumamosi, 13 Aprili

Mgongo unaniuma kwa kuchimba. Hata hivyo nikasema siku za kazi zimenishinda, nijaribu wikendi. Gari la wikendi ni mizigo. Nikabeba kila kitu nilichokumbuka kuwa Memsahib huwa anakwenda nacho Kilabu, na vingine ambavyo hajawahi kwenda navyo. Masanduku, fimbo za gofu, boksi la kofia, keki ya Ephantus, gunia la viazi la rafiki yake mke wa daktari. Nikapanga vyote kando ya MG, kilima kizima. Nikasimama na kofia yangu, mwenye huzuni. Nikamwambia Memsahib gari zuri, ila linatupa taabu.

Memsahib amekitazama kile kilima. Akamtazama Bwana. Kisha akamwambia Bwana abaki.

Amepakia mizigo kwenye kiti cha Bwana! Akaingia mwenyewe, akafunga kitambaa kichwani, akaondoka. Kumbe wakati wa vita alikuwa akiendesha malori ya wagonjwa huko kwao. Miaka yote hii namfungulia mlango, kumbe mwenzangu!

Bwana amebaki verandani na gazeti. Meja amelia mchana kutwa. Nilitaka kuthibitisha kwamba gari lile halifai bila dereva. Nimethibitisha kwamba halihitaji hata Bwana.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisa. Matawi ya mitende hatuna huku juu, tumepunga majani ya mwanzi. Nilikaa benchi la mbele na nikajisikia kama mwizi.

Baada ya chakula Chepkurui ameniambia jambo. Mzee wa trekta anarudi kwao Kericho baada ya Pasaka. Bwana anatafuta mtu wa kushika trekta, na amesema kwanza ataulizwa Kemboi. Kemboi ni mimi. Chepkurui alikuwa na furaha mpaka ameniongeza nyama. Anasema trekta ni gari, lina usukani, na hakuna mzungu atakayetaka kulipanda kwenda Kilabu.

Nimemweleza polepole kwamba mtu wa trekta havai kofia. Anavaa gunia mvua ikinyesha. Yeye akasema basi niende na kofia yangu kwenye trekta, nani atanikataza. Wanawake! Nikamwambia mimi ni dereva wa watu, siyo wa majembe. Akaniuliza watu gani. Nikatoka nje kuangalia kuku.

Jumanne, 16 Aprili

Triumph limefika na nimepanda! Bwana alikuwa anakwenda posta Molo, Memsahib anaumwa kichwa. Nikasema niende niangalie magurudumu yanavyofanya kwa nyuma. Akasema haya, ruka.

Nataka niandike ukweli hapa kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma. Kiti kile ni adhabu. Goti la kulia lilikuwa kidevuni, la kushoto sijui lilikuwa wapi. Upepo uliingia mdomoni ukakataa kutoka. Pale penye kona ya kinu kofia iliruka. Nikapiga kelele, Bwana akadhani nafurahia, akaongeza mwendo. Wakati wa kurudi tumeikuta kofia katikati ya kondoo, mmoja ameanza kula ukingo. Mvua ikatukuta kabla ya kufika. Bwana ana kioo mbele yake. Mimi nilikuwa na kisogo cha Bwana.

Lakini watu wa Molo wameniona! Wote! Wangui muuza chai ameinua sufuria yake kunisalimu.

Kwa hiyo kiti kipo na kinakalika, kwa mtu mwenye nia. Tatizo ni Bwana. Nimemuuliza ameonaje. Akasema gari zuri, lina nguvu, ila moyo wake uko kwa lile jekundu. Ataamua Alhamisi.

Nimechoka mpaka mifupa. Chepkurui ananikanda shingo na haongei. Nikiona haongei najua anafikiria trekta.

Jumatano, 17 Aprili

Kogo amekuja kwa Pasaka. Kogo ni bibi yangu, mzaa baba, ametoka Kuresoi kwa miguu na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yenye mkaa, mgongoni. Meno yamebaki machache lakini baraka zake hazijapungua. Alimbariki ng'ombe wa ndugu yangu akazaa mapacha. Alimbariki mwalimu wa kule akahamishwa kama watu walivyotaka. Nikajiuliza, nimehangaika na njia za viazi na masanduku, kwa nini sijaanza na Kogo?

Adhuhuri, nyumba kubwa wamelala, nimempeleka gereji. Kogo amelizunguka Triumph. Ameuliza mbona halina paa, maskini, kwa nini hawakulimaliza. Nikamwomba alibariki Bwana alipende. Akasema yeye habariki moyo wa mtu asiyemjua. Anabariki mahali pa kukaa. Nimwonyeshe ninapokaa mimi.

Nikamwonyesha kile kiti. Amekitazama, akanitazama mimi kuanzia juu hadi chini, akaguna. Kisha akachukua fundo la mursik, akakipulizia. Akasema kiti kisibaki kitupu. Akasema atakayekikalia akae kwa amani, ashibe, asishushwe na mtu. Kila akisema nilikuwa naitikia, na mkononi nimeshika kibuyu.

Niliitikia kwa nguvu mno. Kibuyu kimeniponyoka.

Mursik yote! Nzito, iliyokaa majuma, pamoja na mkaa wake, imemwagika juu ya kiti na kuingia kila mahali penye mshono. Mimi nikashika kichwa. Kogo amepiga vigelegele. Anasema tangu azaliwe hajaona baraka ikimwagika namna ile.

Nimefuta na kanzu ya zamani ya Ephantus, nikafuta na majani, nikafuta na shati langu. Rangi imetoka. Harufu imekataa. Kesho wanaamua na gari linanuka kama zizi la mtu tajiri. Sina hamu ya kula.

Alhamisi, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi. TRIUMPH! Amechagua Triumph!

Nieleze vizuri. Asubuhi nilikwenda gereji na ndoo na sabuni. Nikamkuta Meja ndani ya gari. Meja, asiyepanda gari! Amelala juu ya kiti cha nyuma, ulimi kwenye mishono, anaramba kwa macho yaliyofumba. Nikamfukuza, akaninguruma. Nikamvuta mkia, akanionyesha meno. Basi nikamwacha. Nikasema bora amalize kazi, mbwa anafuta vizuri kuliko mimi.

Hapo nikasikia fimbo ya Bwana. Nikajificha nyuma ya pipa la maji, nikangoja kuitwa majina. Wakafika Bwana na Memsahib. Kisha Memsahib akapiga kelele, lakini siyo ya hasira. Akapiga makofi. Akamkumbatia Meja shingoni. Bwana akacheka, wakarudi ndani mbio kama watu wenye habari. Hawakusema lolote juu ya harufu! Meja ameniokoa. Nitamtafutia mfupa.

Saa sita Ephantus amekuja kwa mbio, na chai ya kweli safari hii. Bwana amepiga simu Nakuru. Amechukua Triumph. Ephantus kizungu chake kinakatika katikati, lakini kiti cha nyuma amekisikia mara nyingi, tangu supu hadi matunda. Yaani gari limechaguliwa kwa ajili ya kiti cha nyuma! Na Memsahib amelia machozi ya furaha. Amesema hatabaki mtu akilia nyumbani tena.

Sikujua Memsahib ananionea huruma kiasi hiki. Nimekaa juu ya tairi nikalia kidogo mimi pia.

Jioni Kipketer amekuja ametumwa. Bwana anauliza kama nitashika trekta, anataka jibu leo. Nikavaa kofia kwanza. Kisha nikamwambia amshukuru Bwana, ila mtu hawezi kukaa viti viwili. Kipketer akanitazama sana. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia na zile salamu zake za gambuti abaki nazo mwenyewe.

Chepkurui amesikia yote akiwa mlangoni. Amekwenda kulala bila kuzima moto. Ataelewa Jumamosi.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimechoka. Nitaandika kwa ufupi.

Triumph lenyewe, lao sasa, limeletwa asubuhi kutoka dukani. Limesuguliwa, harufu imebaki kidogo. Kifaru amevutwa akaenda zake, sikuweza kumtazama. Nimepiga pasi suruali. Kifungo cha kofia nimekisugua kwa majivu. Chepkurui na Kogo wamesimama kwenye ua wa maua waone. Ephantus ametoka jikoni, hata Kipketer alipita pita hapo bila kazi.

Bwana ameshika usukani. Memsahib ameketi kando yake. Nikapiga hatua, nikashika ubavu wa gari, nikainua mguu.

Meja amenipita hewani. Ametua kwenye kiti, akazunguka mara moja, akaketi. Amenitazama bila chuki yoyote.

Nikangoja Bwana amfukuze. Bwana amenipa taulo. Amesema kila siku kabla ya safari nimpanguse Meja miguu, kwa sababu kiti ni kipya. Memsahib akaongeza kwamba haamini mpaka leo, miaka sita mbwa huyu hajakubali gari, sasa analia akishushwa! Akauliza eti mimi nafikiri amependa nini humo ndani.

Nikasema sijui, Memsahib.

Wameondoka. Masikio ya Meja yakipepea. Nilibaki na mguu mmoja bado juu.

Kogo amesema baraka yake haijawahi kukosea kiti. Akasema alitamka atakayekikalia, hakutaja jina la mtu, na mimi niliitikia. Chepkurui hakucheka. Afadhali angecheka.

Nimemkimbilia Kipketer kuuliza habari za trekta. Limechukuliwa Alhamisi ile ile, na shemeji yake. Kipketer hakunicheka, nitampa haki yake. Amesema Bwana hataki kunifukuza, kazi ipo. Mkokoteni wa ng'ombe, kupeleka mikebe ya maziwa stesheni ya Molo. Nikauliza dereva aliyekuwako. Akasema alikuwa na umri wa Kogo na amekufa.

Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili

Safari ya kwanza. Mvua. Ng'ombe wawili, mmoja anavuta na mwingine anasindikiza. Nimevaa kofia. Wangui ameniona, safari hii sufuria hakuinua, lakini alinipa chai kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko kutonipa. Pale penye kona ya kinu Triumph limetupita linatoka Nakuru. Bwana alipiga honi. Meja hakunitambua.

Mgongo, shingo, moyo, vyote vinauma. Jana mchungaji alihubiri kwamba mtu aridhike na sehemu yake. Nilitikisa kichwa nikakubali.

Lakini leo njia nzima nilikuwa nikifikiria, na mwendo wa ng'ombe unampa mtu nafasi. Tatizo siyo Bwana. Tatizo siyo gari. Tatizo ni kwamba Meja anapenda mursik na mursik iko kwenye kile kiti. Basi dawa ni rahisi! Nimwage kibuyu kizima ndani ya mkokoteni. Vibuyu viwili! Meja atahamia mkokoteni mwenyewe, kwa hiari, na hakuna atakayemshusha. Kiti kitabaki kitupu. Nani atakikalia? Mtu mwenye kofia.

Kogo amekubali kubaki wiki moja zaidi. Vibuyu vinaandaliwa.

Nimemweleza Chepkurui mpango wote. Alikuwa anamenya viazi. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: siku Meja atakapokuwa amekaa ndani ya mkokoteni, nani atakuwa anauendesha?

Nimetoka kuhesabu vibuyu. Mambo ya magari hayaelewi.